Sura ya Sita: Unakaa Wapi?

Vigoda vya wauza chai wa Juba ni vifupi mno. Ukikaa, magoti yanakaribia kidevu. Fremu ni ya mbao au chuma, juu yake zimesukwa kamba za plastiki, na mbele yako kuna jiko la mkaa, birika, na vikopo vya tangawizi, hiliki na mdalasini. Kwa Kiarabu cha Sudani kigoda hicho huitwa banbar. Ukifika mtaa wa Malakia, karibu na soko la Konyo Konyo, ukasimama hatua mbili kutoka kwa mama wa chai huku unajiuliza uanzie wapi, yeye hangoji upange salamu zako. Anakuonyesha kigoda na kusema neno moja: “Geni.” Kaa.

Neno hilo haliishii kwenye kigoda. Kabla glasi haijapoa, aliyekaa kushoto kwako atakuuliza kwa Kiarabu cha Juba, “Ita gi geni wen?” Hapo hazungumzii tena mahali ulipoweka makalio, anataka kujua nyumba yako iko mtaa gani. Kijana wa bodaboda aliyekulia kambi ya Kakuma, kule Turkana, akisikia lafudhi yako ataligeuza swali kwa Kiswahili: “Kaka, unakaa wapi?” Na mwingine, aliyesoma Uganda na anayependa kuonyesha kwamba alisoma, ataliuliza kwa Kiingereza: “Where do you stay?”

Swali ni moja, lugha tatu. Mawili ya kwanza hayana mgogoro na mtu yeyote. La tatu ndilo lenye kesi, na kesi hiyo naijua tangu utotoni. Mwalimu wangu wa Kiingereza alilipigia mstari mwekundu kila mara nilipoandika kwamba na-stay mahali fulani na wazazi wangu. Hotelini mtu hu-stay, alisema, nyumbani mtu hu-live. Mgeni wa siku tatu ana-stay, mwenyeji ana-live. Nilimwamini kwa miaka mingi, nikawa hata nawasahihisha wenzangu. Sura hii nimeiandika kwa sababu siamini tena kwamba lile lilikuwa kosa, na nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na Waingereza wenyewe, maana neno ni lao. Stay ni kitenzi kifupi chenye wazazi zaidi ya mmoja. Mzazi wa kwanza ni Kilatini, stare, yaani kusimama. Neno hilo lilipita katika Kifaransa cha zamani likaingia Kiingereza karne ya 15, na mwanzoni halikuhusu nyumba wala makazi. Lilikuwa na maana ya kusita, kusimama, kumsimamisha mtu au jambo. Maana hiyo ya kale haijafa. Wakili wa Nairobi anayekwenda Mahakama Kuu kuomba utekelezaji wa hukumu usimamishwe mpaka rufaa isikilizwe, anachoomba kwa Kiingereza ni stay. Mtu aliyekaribia kufukuzwa kwenye kiwanja chake anaweza kulala usingizi usiku mmoja zaidi kwa nguvu ya neno hilo.

Mzazi wa pili pia alipitia Ufaransa, lakini asili yake ni lugha za Kijerumani za kale: kuegemeza, kutia nguzo ili kitu kisianguke. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Wimbo Ulio Bora sura ya 2 mstari wa 5, stay imetumika kwa maana hiyo ya kumtegemeza mtu aliyezimia kwa mapenzi. Wanawake wa Uingereza waliovaa mavazi magumu ya kubana kiuno waliyaita mavazi hayo kwa neno hilo hilo, kwa kuwa yaliunyosha na kuutegemeza mgongo. Mzazi wa tatu ni Kiingereza cha kale kabisa, jina la kamba nene inayoufunga mlingoti wa jahazi ili usiyumbe mbele na nyuma.

Kwa hiyo kuna kusimama, kuegemeza, na kamba ya mlingoti. Ukizichimba zote tatu unakaribia shina moja la kale lenye sauti ya “sta”, ambalo msomaji wa Kiswahili analitamka kila siku bila kujua. Stendi ya basi imetoka huko. Stesheni ya treni imetoka huko. Hata neno la Kiingereza la dola, state, limetoka katika stare ile ile. Dola ni kitu kilichosimama, na mtu anaye-stay ni mtu aliyesimama.

Hapa ndipo kanuni ya mwalimu wangu inapopata mantiki yake, na sina budi kumtendea haki. Aliyesimama hajavua viatu. Mzigo bado uko mkononi. Ukilisikia neno kwa sikio la Mwingereza wa London, stay ina harufu ya safari: umesimama kidogo, kesho utaendelea. Kwake ni sahihi kabisa kwamba mtu ana-stay hotelini.

Lakini sisi hatukulipokea neno hilo kwa sikio la London. Tulilipokea tukiwa tayari na kitenzi chetu, na kitenzi chetu hakikusimama. Kimekaa.

Kaa ni miongoni mwa maneno makongwe ya Kibantu. Mkikuyu akitaka kusema kukaa anasema gũikara, na neno hilo ni la kukaa kitini na la kuishi mahali pia. Mkamba ana neno la ukoo huo huo. Mswahili wa Lubumbashi au Bukavu hasemi unakaa wapi. Husema unaikala wapi, na hapo unasikia l ambayo Kiswahili cha pwani kiliimeza. Wagiriama bado wanayo katika kukala. Sisi tuliiangusha njiani, ila haikupotea kabisa. Ongeza kiambishi cha kutendea na l inarudi: kaa, kalia. Tengeneza jina la mtendaji na l inajitokeza ikiwa imegeuka z: mkazi, makazi. Kila ofisi ya mtaa Tanzania inayogonga mhuri kwenye barua ya utambulisho wa mkazi inahifadhi herufi ambayo kitenzi chenyewe kilishaiacha.

Na tazama kilivyotanuka. Maziwa hayakai siku mbili bila kuchemshwa. Shati limemkaa vizuri. Mjane anakaa eda. Mlinzi anakaa macho. Wazee wanakaa kikao, jumuiya ina makao makuu, na mtu aliyekasirika anaambiwa akae kimya. Katika yote hayo kuna kutulia, kutua uzito chini. Kwetu, mtu aliyekaa ndiye aliyefika.

Hali hiyo haiko kwa Waswahili peke yao. Mkongo wa Kinshasa huuliza makazi kwa kitenzi cha Kilingala, kofanda, ambacho ndicho pia cha kukaa kitini. Mzulu husema hlala kwa mambo yote mawili, na Kiingereza cha Afrika Kusini kimejaa stay ile ile iliyonipatia mistari myekundu. Hata Scotland, kwenye mitaa ya Glasgow, watu huulizana wana-stay wapi wakimaanisha nyumbani kwao. Wapo watakaosema kwamba Waafrika walilichukua kwa wamisionari wa Kiskoti, waliofika Kenya na Malawi mapema. Mimi naona hatukuhitaji mwalimu. Mtu mwenye kaa, gũikara au hlala kinywani mwake akikutana na stay, lazima aitumie hivyo. Ndicho kitenzi cha Kiingereza kilichofanana zaidi na chake.

Turudi Malakia, maana pale kitenzi cha kukaa kimefanya kazi ambayo hata kaa yetu haijawahi kuifanya.

Kiarabu cha Juba hakikuletwa kikiwa kimekamilika kutoka Khartoum. Kilizaliwa kwenye kambi. Tangu miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walijenga maboma ya miiba kusini mwa Sudani, yaliyoitwa zariba, na baada yao lilikuja jeshi la utawala wa Misri na Uturuki. Ndani ya maboma hayo waliwekwa pamoja watu wa lugha nyingi, Wabari, Wamoru, Wadinka na wengine, na amri zilitolewa kwa Kiarabu. Ndiyo maana vitenzi vingi vya lugha hii vina umbo la amri hadi leo. Asma, sikia, na asrubu, kunywa, vimeanza na ile a iliyoachwa na Kiarabu cha kuamuru. Watu walijifunza vitenzi kwa kuamrishwa, kisha wakavifanya vyao, wakavitumia kulelea watoto na kuulizana habari za mchana.

Jina la mtaa nalo limetoka kambini. Katika Sudani ya wakati ule mtu alikuwa ama askari, ama malaki, yaani raia. Malakia ni mahali pa raia: askari waliostaafu, wake na watoto wao, mafundi, wachuuzi, watu waliokaa pembeni mwa kambi. Malakal nako kuna Malakia. Ile ya Juba ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920, mji wenyewe ulipokuwa unajengwa kuchukua nafasi ya Mongalla kama makao ya mkoa.

Sasa tazama gi, ile inayotangulia geni. Kiarabu kina mzizi wa kukaa ambao konsonanti yake ya kwanza ni q, na Wasudani huitamka g, hivyo aliyekaa ni gaa'id. Kiswahili nacho kimeonja mzizi huo: kaida, yaani desturi iliyokwisha kutulia, imetokana na neno la Kiarabu la msingi, kile kinachokaliwa na jengo. Malakia walichukua gaa'id wakaifupisha na kuifupisha mpaka ikabaki silabi moja, gi, wakaiweka mbele ya vitenzi vyao kuonyesha jambo linaloendelea sasa. “Ana gi akulu”: ninakula. Ukirudi kwenye asili ya maneno, msemaji anasema nimekaa nala. Na “ana gi ruwa”, ninakwenda, kwa asili yake ni nimekaa nakwenda.

Nilipoelewa hilo mara ya kwanza niliacha chai ipoe. Hii ni lugha ya watu ambao historia yao ni ya kuhamishwa, kukimbia na kurudi: vita vilivyoanza kwa maasi ya Torit mwezi Agosti 1955 na kuisha kwa mkataba wa Addis Ababa wa 1972, vita vya 1983 hadi 2005, mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016. Na katika lugha hiyo hakuna tendo linaloendelea, hata kuondoka, ambalo halibebi ndani yake neno la kukaa. Ukimuuliza mtu wa Malakia, “Ita gi geni wen?”, umetamka neno la kukaa mara mbili katika maneno manne, mara moja kama kiambishi na mara moja kama kitenzi.

Lugha yenye uwezo huo ilikuwa na bahati mbaya ya tarehe. Mwezi Aprili 1928, Rejaf, kusini kidogo ya Juba, serikali ya kikoloni iliitisha mkutano wa lugha. Zilichaguliwa lugha kadhaa za kufundishia shule za kusini, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande. Mwaka 1930 ikaja sera rasmi ya kuutenga Kusini na Kaskazini, Kiarabu kikaonekana tishio na Kiingereza kikawekwa mbele. Kiarabu cha Malakia, ambacho ndicho kilichowaunganisha Mbari na Mdinka sokoni, hakikupewa kiti. Mwaka huo huo wa 1928, Mombasa, mkutano mwingine ulikaa na kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lugha mbili za soko, zote zilizochukua maneno ya Kiarabu na kuyapa mwili wa Kiafrika, zilisimama mbele ya waamuzi ndani ya mwaka mmoja. Moja ilipata kamusi, vitabu na redio. Nyingine iliachiwa vigoda vya chai. Sioni kwamba ya pili ilistahili kidogo kuliko ya kwanza.

Mwaka 2011, Sudani Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, katiba yake ya mpito ilikifanya Kiingereza lugha rasmi ya kazi na kuzitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Mwaka 2016 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtoto wa Malakia leo ana geni ya mama yake, kaa ya wachuuzi na jamaa waliorudi kutoka Kenya na Uganda, na stay ya darasani. Akiandika kwamba ana-stay Malakia, kalamu nyekundu inamngojea, kama ilivyoningojea mimi.

Je, tofauti hii ya “kusimama kidogo” na “kuishi” inamdhuru mtu nje ya daftari? Inadhuru, na ushahidi uko Nairobi, kwa ndugu wa watu wa Malakia.

Askari wa Emin Pasha, gavana wa utawala ule wa Misri kusini mwa Sudani, waliobaki karibu na Ziwa Albert walichukuliwa na ofisa Mwingereza, Lugard, mwaka 1891 na kuingizwa katika utumishi wa Waingereza huko Uganda. Walikwenda na lugha yao, ambayo leo inaitwa Kinubi na ni dada wa Kiarabu cha Juba. Baadhi yao walianza kukaa pembeni mwa Nairobi mwaka 1904, mahali walipopaita kibra, msitu. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi. Kitu kimoja tu hawakupewa, nacho ni hati. Kwa macho ya sheria ya kikoloni, Wanubi walikuwa wapangaji kwa hisani ya Mfalme, watu ambao wangeweza kuondolewa wakati wowote itakapoamuliwa. Walizaa, wakazika, wakajenga misikiti, wajukuu wakapata wajukuu, na kwenye karatasi bado walikuwa wamesimama tu, mzigo mkononi. Hati ya jamii hiyo ilitolewa Juni 2017, ya ekari 288. Kutoka ekari 4,197 hadi 288, kwa muda wa miaka 99. Wao kwa lugha yao walikuwa wame-geni. Serikali iliwasoma kwa stay ya hotelini.

Ndiyo maana sikubali swali hili liitwe la sarufi tu.

Sasa nimalizie kesi ya mwalimu wangu, maana nimegundua kwamba maneno aliyonipa badala ya stay yanamshuhudia mshtakiwa. Fomu za serikali zote, za Juba, Kampala na Dar es Salaam, zikiandikwa kwa Kiingereza huuliza residence. Neno hilo limetoka katika Kilatini cha kukaa chini, residere. Mkazi wa Kiingereza rasmi, basi, ni mtu aliyekaa, sawasawa na mkazi wetu. Hata president, kwa asili, ni yule aliyekaa mbele ya wengine. Dwell, ambalo Waingereza hulitumia wakitaka kusema kwa uzito kwamba mtu anaishi mahali, lilianza kwa maana ya kupoteza mtu njia. Likawa kuchelewesha, likawa kukawia, na mwisho likawa kuishi. Aliyepotea akakawia, aliyekawia akajenga. Nadhani mitaa mingi ya Afrika Mashariki ilianza hivyo.

Na live, lile alilolipenda mwalimu? Wanaofuatilia asili ya maneno ya Kijerumani wanalirudisha kwenye mzizi wenye maana ya kunata na kubaki. Ndugu yake katika Kijerumani cha leo ni bleiben, kubaki, na ndugu yake mwingine ndani ya Kiingereza ni leave, ambalo zamani maana yake ilikuwa kubakiza. Aliye hai, kwa macho ya neno lenyewe, ni aliyebaki.

Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wazee wa Malakia. Katika vita vya 1983 hadi 2005, Juba ulikuwa mji wa ngome uliozungukwa. Mwaka 1992, Juni na Julai, ulishambuliwa mara mbili bila kutekwa. Wengi walikimbilia Khartoum, Uganda na Kenya, na baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 wakaanza kurudi. Wengine hawakutoka kabisa. Ukimuuliza mmoja wa hao waliobaki aeleze miaka ile aliifanyaje, hatakupa hotuba. Atakwambia “ana geni”, nilikaa. Ukitaka kuitafsiri kwa Kiingereza utahangaika: alikaa kitini, alisimama imara, alibaki, aliishi. Stay inabeba matatu kati ya hayo manne, na katika hilo sijaona kitenzi kingine cha Kiingereza kinachoikaribia.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiingereza wa Juba, na wa Kisumu na Mbeya pia. Mfundisheni mtoto kwamba London husema live, kwa kuwa siku moja atafanya mtihani uliotungwa na watu wanaosema hivyo. Lakini akiandika kwamba familia yake ina-stay Malakia, wekeni kalamu nyekundu chini. Ameandika alichosema bibi yake.